Kabla ya benki kulikuwa na jembe: historia ya akiba ya wakulima wa Kangema

Mwaka 1984, Peter Munga na wenzake walianzisha Equity Building Society huko Kangema, Murang'a. Wengi huianza hapo historia ya akiba ya wakulima wa eneo hili. Lakini watu wa miteremko hii ya Nyandarua walikuwa wamezoea kuchanga tangu zamani, na waliotangulia katika kazi hiyo ni wanawake wenye majembe.

Wakikuyu wana desturi ya ngwatio: majirani hulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, mpaka zamu iwafikie wote. Mwenye shamba hakutoa fedha. Alilipa kwa kwenda kulimia wenzake. Deni lilijulikana na wote, na aliyekwepa zamu alijua kwamba msimu wa kupanda ungemkuta peke yake.

Miaka ya 1950 iliyavuruga maisha hayo. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilizikusanya familia katika vijiji vya ulinzi, na vipande vya ardhi vilivyotawanyika vikaunganishwa na kupewa hati. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukapanua kilimo cha kahawa miongoni mwa Waafrika, zao ambalo wakulima wa hapa walikuwa wamezuiwa kulipanda kwa miaka mingi. Familia ziliporudi mashambani zilihitaji nyumba, miche, mbolea na karo, vyote kwa pamoja, na wanaume wengi walikuwa kwenye ajira mijini.

Ndipo ngwatio ikazaa fedha. Katika miaka ya 1960 na 1970, wanawake wa Murang'a na Nyeri walijiunga katika vikundi, wakawa wanapalilia na kuchuma kahawa katika mashamba ya watu kwa malipo. Ujira huo hawakugawana. Waliuweka pamoja na michango yao, wakanunua mabati ya nyumba ya mmoja wao, kisha ya anayefuata. Vikaitwa vikundi vya mabati. Paa hilo lilikuwa uwekezaji hasa. Nyasi za kuezekea zilikuwa zinaadimika kadiri ardhi ilivyozidi kulimwa, na maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati yalimpunguzia mama safari za mtoni, akapata muda zaidi wa shamba. Nyumba zilipokwisha kuezekwa, vikundi vingi viligeukia matangi ya maji, ng'ombe wa gredi na ploti.

Chai nayo ilisaidia. Chini ya KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo lililoundwa mwaka 1964, mkulima hulipwa kiasi kidogo kila mwezi, kisha bonasi mara moja kwa mwaka. Malipo ya mwezi yanatosha mchango wa kikundi. Bonasi inaweza kununua ng'ombe.

Equity nayo ilijifunza kwa uchungu thamani ya akiba ndogo kama hizi. Mwaka 1993 ilihesabiwa kuwa imefilisika, zaidi ya nusu ya mikopo yake ikiwa hailipwi ipasavyo. James Mwangi, mzaliwa wa Kangema, alijiunga nayo katika kipindi hicho, na taasisi ikawaelekea wenye akiba ndogo, hata ikawafuata vijijini kwa magari. Ikawa benki mwaka 2004, na mwaka 2006 hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Nairobi. Wakulima wa chai wa Murang'a nao walijenga chama chao cha akiba na mikopo, Muramati, ambacho leo ni Unaitas.

Faida ya ng'ombe wa vikundi ilikuwa imeonekana mapema zaidi. Mwaka 1989, mkataba wa kimataifa uliogawa viwango vya mauzo ya kahawa ulipovunjika, bei iliporomoka. Mwenye ng'ombe alikuwa na maziwa ya kuuza. Aliyetegemea kahawa pekee hakuwa na kimbilio.

Kugeuza akiba kuwa mali ya shambani ndilo funzo ambalo vyama vya leo, vinavyochanga kwa simu, havipaswi kulipoteza. Kina mama wa mabati walijua fedha inakwenda kufanya nini kabla ya shilingi ya kwanza kutolewa. Chama kinachotaka kumwinua mkulima kiamue kwanza kitajenga nini shambani, ndipo kipange kiasi cha mchango.