Baharia wa Peke Yake

Leo tutajifunza habari za Paul Elvstrøm wa Denmark, aliyezaliwa mwaka 1928.

Ziko mashua ndogo za mashindano ziendeshwazo na mtu mmoja tu. Yeye husimamisha mlingoti, hufunga tanga, hushika usukani kwa mkono mmoja na kamba ya tanga kwa mkono wa pili. Ngalawa yetu ina mbao za ubavuni za kuizuia isipinduke. Mashua hii haina. Baharia hukaa ukingoni, upande utokako upepo, akalaza mwili wake nje juu ya maji. Mashua ikipinduka, hukanyaga ule ubao uliotokeza chini yake, akavuta ukingo mpaka tanga litoke majini.

Mwaka 1948, katika Olimpiki ya Uingereza, mashindano yalikuwa saba. Elvstrøm hakulimaliza la kwanza. Hata hivyo aliendelea, akashinda mawili ya mwisho, akapata medali ya dhahabu. Nyumbani kwao alitengeneza benchi, akajizoeza juu yake namna ya kulalia nje. Alishinda tena mwaka 1952, 1956 na 1960.

Basi nawe, uliyekosea herufi jana, shika kalamu tena leo.

Swali: Kwa nini baharia hulalia nje ya mashua?