Vioo vya Nakshi na Dhahabu: Kutoka Murano hadi Bhuj, na Hadi Pwani Yetu

Zamani kioo cha kujitazamia kilikuwa bamba la madini lililosuguliwa mpaka likang'aa. Wazee wetu wa Bara Hindi walikijua vema. Katika hekalu la Belur, lililowekwa wakfu mwaka 1117, yumo bibi aliyechongwa kwa jiwe akijitazama katika kioo cha mkononi. Na huko Aranmula, Kerala, mafundi wangali wanafua vioo vya shaba na bati hadi leo. Katika ibada zetu pia mungu huonyeshwa kioo baada ya kuvikwa na kupambwa. Majirani zetu hutuuliza mara kwa mara maana ya jambo hilo. Ni adabu ya kumkirimu mgeni mheshimiwa, basi.

Kioo kikubwa chenye fremu ya dhahabu ni mgeni kutoka Ulaya. Mafundi wa Murano, karibu na Venice, waliificha siri yao kwa muda mrefu, mpaka Ufaransa ilipowavuta baadhi yao kwa fedha katika miaka ya 1660. Miaka ishirini hivi baadaye, mwaka 1684, Mfalme Louis wa 14 alikuwa na ukumbi wenye vioo 357 huko Versailles. Mchoraji wake, Le Brun, alikusudia kwanza kuipamba dari yake kwa hekaya za Apollo, kisha za Hercules; mwishowe ikaamuliwa zichorwe sifa za mfalme mwenyewe. Wafalme ni wafalme popote.

Inafaa tueleze kazi hiyo ilivyofanywa, kwa kuwa wengi hudhani fremu hizo zilipakwa rangi tu. Mchongaji alimaliza mti wake: kichwa cha Apollo chenye miale ya jua, pomboo wa Neptune, au tai wa Jupiter juu kabisa. Kisha mti ulipakwa tabaka kadhaa za chokaa laini na gundi, halafu udongo mwekundu, na juu yake dhahabu halisi iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi yoyote. Mwisho ilisuguliwa kwa jiwe la akiki. Ule wekundu unaochungulia kwenye kingo za fremu kuukuu ndio udongo huo. Nyuma ya kioo palilazwa bati jembamba lililomwagiwa zebaki, kisha vikakandamizwa kwa uzito kwa majuma kadhaa. Mvuke wa zebaki uliwaumiza mafundi wengi, na uzuri huo haupasi kusifiwa bila kuwakumbuka. Njia ya kutumia fedha, aliyoivumbua Mjerumani Liebig mwaka 1835, ndiyo iliyowaokoa warithi wao.

Ufundi huu ulifikaje kwetu? Hapa ndipo historia inapotugusa sisi wenye asili ya Kutch. Inasimuliwa kwamba Ramsingh Malam, baharia kijana wa Okhamandal, alivunjikiwa na chombo karibu na pwani ya Afrika, akaokolewa na merikebu ya Waholanzi, akakaa Uholanzi miaka 18. Huko alijifunza kutengeneza vioo, vigae na saa. Aliporudi, Rao Lakhpatji wa Kutch alimpokea, na katikati ya karne ya 18 akamjengea Aina Mahal, yaani Kasri la Vioo, mjini Bhuj: kuta za marumaru zilizofunikwa vioo vilivyotengwa kwa mapambo ya dhahabu, na sakafu ya vigae vya Kiholanzi vilivyotengenezwa papo hapo Kutch. Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 liliharibu sehemu kubwa ya kasri hilo. Iliyosalia ni makumbusho.

Kutoka bandari za Mandvi na Mundra majahazi yalikuja Unguja na pepo za kaskazi. Salme binti Said, aliyeitwa baadaye Emily Ruete, ameandika katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 juu ya vioo vikubwa vya Ulaya vilivyopamba vyumba vya matajiri wa huko. Wafanyabiashara wetu nao waliiga. Lakini badala ya Apollo walitaka tausi, na Lakshmi katikati ya tembo wawili.

Kioo cha ukumbi wetu ni cha jamii hiyo. Tunakitaja kwa sababu katika matengenezo ya mwaka huu wapo wanaopendekeza fremu ipakwe upya rangi ya dhahabu ya dukani na kioo chenye madoa kibadilishwe. Sisi tumo katika biashara miaka mingi, na tunasema wazi kuwa hiyo ni hasara. Rangi ile ni unga wa shaba. Baada ya miaka michache itakuwa nyeusi, na kuitoa bila kung'oa dhahabu iliyo chini yake ni kazi ngumu na ghali. Madoa ya kijivu ni umri wa bati na zebaki. Familia kadhaa za mji wetu ziliuza vioo vyao kwa bei ya mbao, kwa kuwa tu vilionekana vimechakaa.

Tunaiomba halmashauri ifute vumbi kwa brashi laini na kavu, isitumie maji wala sabuni, isikwangue nyuma ya kioo kwa sababu ya zebaki, na ikiondoe ukutani penye unyevu kabla ya masika. Gharama ya fundi wa kukihamisha tuko tayari kuibeba.