Swali Lililomngoja Mtu

Mtu akitoroka shamba la chai hapa Kericho miaka ya 1920, hakuna aliyehitaji kumkimbiza. Mwajiri aliandikia Nairobi, basi. Sheria ya usajili ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande: karatasi yenye jina, alama za vidole na historia ya kazi, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Rekodi yake ilibaki kwenye masjala kuu. Na kutoroka kazini kulikuwa kosa la jinai.

Tumezoea kutafuta hivi: faili zipo, unaleta swali, unapata jibu, unaenda zako. Masjala iligeuza mambo. Swali, "yuko wapi mwenye namba hii?", ndilo lililowekwa, likangoja. Mwajiri mwingine akituma taarifa za watu aliowaandika, karatasi ilikuja yenyewe kukutana na swali. Karani hakuwa na haja ya kupitia malalamiko ya nchi nzima kwa kila jina. Namba ilimpeleka kwenye kadi. Na ukitupa kipande ujisajili kwa jina jipya, vidole vyako vinakusaliti.

Kompyuta zilikuja kufanya hivyo hivyo. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn wa IBM alieleza mfumo wa kuhifadhi mahitaji ya kila mfanyakazi, kisha kila hati mpya ilinganishwe nayo. Elasticsearch ilipoleta huduma hii 2011 iliiita percolator, jina la birika la kahawa. Sisi wa chai tutavumilia.

Mimi niliacha chuo, naandika vya kulipwa nikiwa Kabianga, na nimehifadhi swali langu kwenye tovuti ya kazi: "mwandishi" pamoja na "Kericho". Wenzangu wamehifadhi yao, maelfu. Tangazo likiingia, kuliuliza maswali yote moja moja ni kupoteza muda. Kwa hivyo maswali yenyewe yanapangwa kwa maneno yake, na langu linaweza kuwekwa chini ya neno adimu zaidi, "Kericho". Tangazo lisilo na Kericho halifiki kwangu kabisa. Lenye Kericho linaita maswali machache tu, halafu hayo ndiyo yanakaguliwa vizuri.

Tofauti ni kwamba hapa mimi ndiye ninayeuliza. Kwenye kipande, kijana wa Kabianga alikuwa hati, na muulizaji alikuwa bwana shamba. Watu walilielewa hilo mapema sana. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa kati ya mambo aliyokuwa akiyapinga, na umati uliokusanyika Nairobi kumdai ukapigwa risasi.

Mwaka 1947 ikatungwa sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote, vidole na vyote. Walowezi wakaja juu. Kuchukuliwa alama za vidole, walisema, ni kufanywa wahalifu.