KAHAWA ILIYOUZWA IKIWA MAUA: HASHEEM THABEET, MEMPHIS NA LILE SWALI LA KUSUBIRI AU KUUZA

Kimuli, kule Kyerwa, hata mtoto wa shule ya msingi anajua butura ni nini. Kwa mdau ambaye hajawahi kufika Kagera: butura ni ule mtindo wa kuuza kahawa ikiwa bado iko mtini, mara nyingine ikiwa maua tu. Ada ya shule imefika, mgonjwa yuko ndani, mfukoni hamna kitu. Anatokea jamaa ana pesa mkononi, anazunguka kibanja, anaangalia mibuni, anataja bei yake, mnamalizana. Msimu ukifika yeye ndiye anavuna, mwenye shamba anabaki kuangalia. Serikali imepiga marufuku, viongozi wamekemea kila mkutano, lakini butura haifi. Haifi kwa sababu shida haina subira ya kungoja mbuni uive.

Sasa chukua hiyo butura uipeleke Marekani, kwenye mpira wa kikapu. Mbuni wenyewe ni kijana wa Kitanzania mwenye urefu wa sentimita 221, na mwenye shamba ni timu ya Memphis Grizzlies. Kisa hiki wengi wanakijua nusu nusu. Vijiweni kinasimuliwa kama kichekesho: "yule wetu alichaguliwa kabla ya Curry." Ni kweli. Ila ukikifuata kutoka mwanzo, kicheko kinapungua.

Kijana aliyechelewa kuanza

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Kikapu alianza kucheza akiwa na miaka kama 15 hivi. Hiyo namba iweke akilini, tutairudia. Wamarekani anaoshindana nao walianza kudundisha mpira wakiwa na miaka 5 au 6, wana makocha, wana mashindano ya watoto kila wikiendi. Huyu alikuwa mtoto wa Dar kama watoto wengine, akarefuka kupita wote, watu wakamwambia jaribu kikapu.

Akapata njia ya kwenda Marekani, akasoma sekondari Houston, halafu mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Hapo chuo walimsubiri. Alikaa misimu 3. Kila mwaka aliongezeka kitu. Mwaka 2008 na 2009 alikuwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East, na huo mwaka 2009 Connecticut wakafika nne bora ya vyuo vya Marekani nzima. Watu walikuwa wanaogopa hata kupita chini ya kikapu akiwa amesimama.

Tarehe 25 Juni 2009 ndiyo siku ya uchaguzi wa NBA. Blake Griffin akachukuliwa wa kwanza na Clippers. Wa pili: Hasheem Thabeet, Memphis Grizzlies. Mtanzania wa kwanza kuingia ligi ile, na ameingia kwa mlango wa mbele. Wa 3 alikuwa James Harden. Wa 7 alikuwa Stephen Curry.

Memphis walikuwa na njaa ya namna gani

Ili kuelewa kilichofuata lazima umjue mwenye shamba. Grizzlies walianzia Vancouver, Canada, mwaka 1995, wakahamia Memphis mwaka 2001. Waliingia hatua ya mtoano mara 3 mfululizo, 2004, 2005 na 2006. Mechi walizocheza humo ni 12. Walizoshinda: sifuri. Baada ya hapo wakaporomoka kabisa. Msimu wa 2007/08 walishinda mechi 22 tu kati ya 82.

Katikati ya njaa hiyo, Februari 2008, wakafanya jambo lililowafanya wachekwe nchi nzima. Walimtoa nyota wao, Pau Gasol, kwa Lakers. Walichopata kilionekana makapi: wachezaji ambao hawakudumu, nafasi mbili za uchaguzi wa mbeleni, na haki ya mdogo wake Pau anaitwa Marc, kijana aliyekuwa anacheza Hispania na aliyechaguliwa namba 48. Lakers wakabeba ubingwa 2009 na 2010. Memphis wakaonekana wameuza ng'ombe wakapewa kamba.

Lakini huyo Marc walimwacha akue. Kidogo kidogo akawa nguzo ya timu, na mwaka 2013 akachaguliwa mlinzi bora wa NBA nzima. Kwa hiyo usije ukasema Memphis hawakujua kusubiri. Walijua. Walikuwa wanamsubiri mmoja wakati huohuo wanamchagua mwingine wa nafasi ileile.

Hapo ndipo tatizo la Thabeet lilipoanzia. Alikuja kwenye timu ambayo chini ya kikapu tayari ina Marc Gasol, na majira hayohayo ya kiangazi wakamleta Zach Randolph, mzoefu na mfungaji. Kijana mwenye miaka 7 tu ya mpira anajifunzia wapi? Benchi halifundishi. Msimu wake wa kwanza alicheza mechi 68, wastani wa pointi 3.1 na ribaundi 3.6. Februari 2010 wakamshusha ligi ndogo ya maendeleo, timu ya Dakota Wizards. Wakati ule hakuna mchezaji aliyewahi kuchaguliwa juu namna ile halafu akashushwa kule. Magazeti yakamkalia kooni.

Siku ya butura

Msimu wa 2010/11 Memphis wakaanza kunusa kitu. Randolph yuko kwenye moto, Gasol amekomaa, Mike Conley anaendesha timu vizuri. Mara Februari 2011 Rudy Gay, mfungaji wao mwingine mkubwa, akaumia bega. Sasa uongozi ukabaki na maswali mawili tu. Tukae kimya tumlee kijana, mwaka huu ukipita upite? Au tuuze tupate mtu wa kutusaidia leo?

Tarehe 24 Februari 2011 wakauza. Thabeet, mwenzake DeMarre Carroll na nafasi moja ya uchaguzi wa mbeleni wakaenda Houston Rockets. Waliokuja ni Shane Battier na Ish Smith.

Battier si wale nyota wa kufunga pointi 30. Kazi yake ilikuwa kumkaba mtu bora wa wapinzani, kutupa pointi 3 akiwa wazi, na kusema maneno yanayotakiwa chumba cha kubadilishia nguo. Na kuna kitu watu wanasahau: huyu alikuwa mtoto wa nyumbani. Grizzlies wenyewe ndio waliomchagua mwaka 2001. Zile mechi 12 za sifuri alikuwemo. Mwaka 2006 wakamuuza Houston ili wampate Rudy Gay. Miaka 5 baadaye wanamrudisha, Rudy Gay akiwa majeruhi.

Memphis wakaingia mtoano wakiwa wa 8, wapinzani San Antonio Spurs wakiwa wa kwanza wenye ushindi 61. Aprili 17, mechi ya kwanza, ugenini. Zimebaki sekunde kama 24, Memphis wako nyuma kwa pointi 2, mpira unamfikia Battier. Anatupa. Pointi 3. Mechi ikaisha 101 kwa 98, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa Grizzlies kwenye mtoano tangu timu iundwe. Mtu aliyekuwepo kwenye vipigo vyote 12 ndiye aliyevunja mwiko. Wakamaliza Spurs 4 kwa 2. Raundi iliyofuata wakatolewa na Oklahoma City Thunder kwenye mechi ya 7.

Halafu? Mkataba wa Battier ukaisha mwaka huohuo, akaenda zake Miami, akabeba ubingwa 2012 na 2013. Memphis walimpata kwa miezi michache tu. Lakini timu haikurudi shimoni. Mwaka 2013 walifika fainali ya Kanda ya Magharibi. Kwa upande wa mwenye shamba, hesabu ilikubali.

Na mbuni je?

Mara nyingi watu wanaishia hapo. Memphis wamefanya vizuri, habari imekwisha. Ila mbuni nao una habari yake.

Houston walimchezesha mechi 7 tu. Machi 2012 wakamtupa Portland, na hapo tena alikuwa sehemu ya malipo ya mzee mwingine, Marcus Camby. Baadaye akaenda Oklahoma City, akakaa misimu 2, na hapo angalau alipata mechi 66 kwa msimu mmoja akiwa msaidizi. Mwaka 2014 NBA ikamalizika kwake. Mechi 224, wastani wa pointi 2.2. Baada ya hapo akaenda kucheza Japani na Taiwan.

Kuanzia kuchaguliwa mpaka kuuzwa na Memphis ilikuwa miezi 20. Mkulima yeyote wa Kyerwa atakwambia mche wa kahawa ukiupanda leo, mwaka wa pili huna cha kuweka kwenye gunia. Mpaka kama mwaka wa 3 ndipo unaanza kuona punje, na mavuno ya maana yako mbele zaidi. Ukiung'oa kila mwaka ukaupanda shamba lingine hautazaa kabisa, na hilo si kosa la mche. Thabeet aling'olewa mara mbili ndani ya miezi 13.

Lakini haki itendeke pande zote. Kusubiri peke yake hakuzai nyota. Wapo waliosubiriwa miaka na hawakutoa kitu. Na Thabeet mwenyewe alikuwa na mapungufu: mikono haikuwa myepesi kudaka mpira, miguu haikuwa ya haraka, kufunga kulimsumbua. Hakuna anayeweza kuapa kwamba Memphis wangemvumilia miaka 5 angekuwa mwamba. Kinachoweza kusemwa ni kwamba hakupewa nafasi ya kujulikana.

Waliochaguliwa siku ileile

Angalia wenzake wa 2009. Curry miaka ya mwanzo kifundo cha mguu kilimtesa. Msimu wa 2011/12 alicheza mechi 26 tu. Golden State walikuwa na mfungaji mwingine aliyependwa na mashabiki, Monta Ellis. Machi 2012 ikabidi mmoja aende. Wakamuuza Ellis, wakabaki na mwenye kifundo kibovu. Mashabiki wakakasirika. Ubingwa ukaja 2015, 2017, 2018 na 2022.

Harden naye: Oklahoma walikuwa naye fainali 2012. Wakashindwa kukubaliana mshahara, Oktoba mwaka huo wakamuuza Houston. Mwaka 2018 akawa mchezaji bora wa ligi akiwa na Houston, na Thunder hawakuiona fainali tena mpaka 2025, walipochukua ubingwa na kikosi cha vijana waliolelewa taratibu.

Hata kwenye soka letu mfano upo. Mbwana Samatta alitoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011. Kule alipewa muda. Alikaa mpaka akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, ndipo Januari 2016 akaenda Genk, Ubelgiji. Miaka hiyo ya Lubumbashi ndiyo iliyomjenga, na wengi walikuwa wanamuuliza kwa nini haendi Ulaya haraka.

Hukumu iko wapi?

Memphis hawakukosea kumuuza Thabeet Februari 2011. Walikuwa na timu iliyoiva, walikuwa na Gasol waliyemsubiri kwa heshima, na walihitaji mtu mmoja wa kuziba pengo. Battier aliziba. Kosa lao lilikuwa Juni 2009, siku ya kupanda. Walichukua mche unaotaka miaka 5 wakaupanda kwenye kivuli cha mti mwingine, wakati wenyewe wanataka kula ndani ya miaka 2. Timu yenye haraka ikachagua mchezaji anayehitaji subira. Hiyo ndoa haikuwa na pa kufika, na aliyelipa gharama kubwa ni kijana aliyeanza mpira akiwa na miaka 15 na akafika namba 2 duniani ndani ya miaka 7.

Kwa hiyo siku nyingine jamaa akianza kucheka kijiweni kwamba Mtanzania alichaguliwa kabla ya Curry, muulize swali dogo tu. Curry angeuzwa baada ya miezi 20, halafu akauzwa tena mwaka uliofuata, leo tungekuwa tunamjua?

Na kwa wale wa Kimuli wanaosoma hii huku mibuni imeanza kutoa maua na jamaa wa butura ameshapita mara mbili: wewe ungekuwa ndiyo bosi wa Memphis, njaa imekukaba na msimu uko mbali, ungeuza au ungesubiri? Shusha maoni yako hapo chini, na useme na sababu.