Mgebuka wa kukaanga: lishe yake na namna ya kumsafirisha

Mgebuka ni samaki wa Ziwa Tanganyika, ziwa linalogawanywa na Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Warundi humwita mukeke. Akiwa mbichi huharibika haraka pasipo barafu, ndiyo maana wachuuzi wengi wa Kigoma humkaanga kwanza.

Wapo wauzaji wanaodai kuwa samaki wa kukaanga ana protini nyingi kuliko mbichi. Kwa gramu ni kweli, ila wanasahau maji. Gramu 100 za samaki mbichi huwa na protini kama gramu 18 hadi 20, na zaidi ya gramu 70 ni maji. Kikaangoni maji hutoka, hivyo gramu 100 za aliyekaangwa hukaribia gramu 25 za protini. Samaki ni yuleyule, amepungua uzito tu. Mfanyabiashara anayenunua mbichi kwa kilo na kuuza aliyekaangwa kwa kilo asipohesabu upungufu huo, faida yote huishia kikaangoni.

Kinachoongezeka ni mafuta, na gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, wakati ya protini hutoa 4. Samaki akitumbukizwa kabla mafuta hayajapata moto hunyonya mengi na kulainika. Mawese mekundu, ambayo Kigoma yanapatikana kwa wingi, yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini yakiunguzwa hadi rangi ipotee faida hiyo nayo hupotea. Mafuta meusi yanayotoa povu na harufu kali yamwagwe. Kuhusu kalsiamu, mgebuka hamfikii dagaa, kwa kuwa mifupa yake hutupwa na dagaa huliwa mzima.

Mzigo unaopanda gari la Manyovu kuelekea Burundi usifungwe ukiwa wa moto. Mvuke hugeuka maji, na samaki huota ukungu njiani. Apoe kabisa, apangwe kwenye tenga au boksi lenye karatasi, mbali na petroli na sabuni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, na Rwanda tangu 2008, kwa hiyo anayeitumia hujitafutia hasara mpakani. Kumrudisha kikaangoni siku ya pili humwongezea muda kidogo, lakini pia humwongezea mafuta na kumfanya mkavu, na mlaji wa Bujumbura anayemjua mukeke hulitambua hilo kwa tonge la kwanza.