Stelingi Hafi

Sisi tuliokulia Temeke tulikuwa na sheria moja ya sinema ambayo hakuna aliyethubutu kuipinga: stelingi hafi. Adui atampiga, atamfunga kamba, atamtupa mtoni, lakini kabla picha haijakwisha atainuka na kulipa kisasi. Mtu akija kibandani akasema kuwa ameona picha ambamo stelingi amekufa, alichekwa, akaambiwa kwamba huyo aliyekufa hakuwa stelingi bali rafiki wa stelingi. Nataka kueleza hapa jinsi picha mbili za Kihindi zilivyoivunja sheria hiyo, na jinsi mojawapo ilivyoingia nyumbani kwetu bila kupiga hodi.

Lakini maoni ya mtu juu ya picha huwa ni porojo tu iwapo hayana historia nyuma yake. Basi nianze huko.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walifanya jaribio la kutengeneza sinema za kuwafundisha wenyeji. Msimamizi alikuwa Meja Notcutt. Zilitengenezwa picha fupi zipatazo 35, juu ya kilimo, afya, kodi na kuweka akiba, zikapakiwa katika lori na kuonyeshwa huku na huko katika Afrika Mashariki na kati, maelezo yakitolewa kwa lugha za watazamaji. Miongoni mwa watawala walikuwapo walioamini kuwa Mwafrika hawezi kufuata picha iendayo haraka, na wengine waliohofu kwamba akiona mzungu mwizi katika sinema atapoteza heshima kwa mzungu aliye ofisini. Kwa hiyo walichuja na kukata. Swali lao lilikuwa moja siku zote: sinema itamfanya nini mwenyeji? Hawakujiuliza mwenyeji ataifanya nini sinema.

Jibu lilikuwa mjini. Majumba kama Empire, Avalon, Empress, Odeon, Cameo na Chox yalijaa watu wa kila aina, na waliokaa pembezoni walisafiri kwa basi au kwa miguu kwenda kuona picha. Mwaka 1966 ikaongezeka Drive-In, kule ulipo sasa ubalozi wa Marekani, ambako wenye magari walitazama wakiwa wameketi ndani ya magari yao. Mwaka 1968 serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania. Hata hivyo wapenzi wa sinema waliendelea kuwapenda waliowapenda: Raj Kapoor wa Awara ya mwaka 1951, Nargis wa Mother India ya mwaka 1957, na baadaye Bruce Lee, aliyefariki Julai 1973, majuma machache kabla Enter the Dragon haijaanza kuonyeshwa. Katika mtaa wetu walikuwapo vijana waliokataa katakata kuwa amekufa. Walisema amejificha anafanya mazoezi. Sheria ni sheria.

Mimi sikuyawahi majumba hayo katika enzi yake. Kizazi changu ni cha deki. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu mwaka 1973, lakini Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vikafunguliwa. Kwa hiyo mikanda ya video ilitutangulia: mtu alikuwa na televisheni nyumbani ambayo haikuwa na kituo cha kupokea, kazi yake ni kuonyesha mkanda tu. Aliyekuwa na akili ya biashara aliezeka kibanda, akapanga mabenchi, akaning'iniza pazia la gunia mlangoni na kuandika kwa chaki jina la picha ya siku hiyo. Vibanda hivyo vilikuja kuitwa vibanda umiza, na aliyewahi kukaa humo saa tatu juu ya ubao, joto la Januari likimchemsha, hahitaji kuelezwa kwa nini.

Cha kwetu kilikuwa Tandika, nyuma ya soko. Humo niliona mateke ya Shaolin, niliona Commando na Rambo, niliona Mithun Chakraborty akicheza disko. Maoni yangu ya wakati ule nayakumbuka vizuri, na mengine sijayabadili. Picha za Kimarekani zilinifurahisha lakini hazikunifuata nyumbani. Risasi ziliisha na mkanda ukaisha. Picha za Kichina zilinifundisha subira ya mwanafunzi mbele ya mwalimu, maana yule kijana wa Shaolin hubeba ndoo za maji kwanza ndipo afundishwe ngumi. Picha za Kihindi zilikuwa ndefu mno, na nyimbo zake zilitupa nafasi ya kwenda kujisaidia. Lakini ndizo zilizokuwa na mama, deni, ndugu waliopoteana, na aibu. Hayo yote tulikuwa nayo Temeke.

Ndipo ikaja Sholay, iliyotengenezwa mwaka 1975. Humo Amitabh Bachchan, stelingi wa mastelingi, anakufa. Anakufa kweli, mikononi mwa rafiki yake, na rafiki anagundua kuwa sarafu waliyokuwa wakiirusha kufanya maamuzi ilikuwa na sura moja pande zote mbili. Kumbe mwenzake ndiye aliyekuwa akijichagulia hatari siku zote. Kibanda kizima kilinyamaza. Mzee mmoja muuza mkaa alitoka nje akifuta uso, akasingizia moshi.

Sholay ilituletea na ugomvi mwingine. Kijana mmoja wa Mtoni aliapa kwamba mwishoni yule bwana aliyekatwa mikono anamuua Gabbar Singh kwa kumkanyaga. Sisi tulikuwa tumeona polisi wakifika na kumkamata jambazi akiwa hai. Tulimwita mwongo, yeye akatuita vipofu, na ngumi zikapigwa. Miaka mingi baadaye nilipata kusoma kuwa wote tulisema kweli. Muongozaji, Ramesh Sippy, aliipiga picha akimalizia kwa kifo cha Gabbar. India ilikuwa chini ya hali ya hatari mwaka ule, na wakaguzi wa serikali hawakutaka raia aonekane akijichukulia sheria mkononi, hivyo mwisho ukabadilishwa. Ule wa awali ulikuja kutoka katika mikanda ya video mwaka 1990. Fikiri, msomaji: uamuzi wa ofisi moja ya India uliwapiganisha watoto wa Tandika, na hakuna aliyekuwa mwongo. Tangu niyajue hayo sina haraka ya kumwita mtu mwongo kwa sababu tu mkanda wake si wangu.

Picha ya pili ni Mother India, na hii sikuiona kwanza kwa macho bali kwa masikio. Mama yangu aliiona mjini akiwa msichana, na alitusimulia usiku umeme ulipokatika. Alisimulia vile mama anavyolima kwa kujifunga jembe kama ng'ombe, vile mkopeshaji anavyowanyang'anya mavuno, na vile mwana wake mdogo, Birju, anavyokuwa jambazi kwa uchungu wa dhuluma hiyo. Mwishoni Birju anamteka binti wa mkopeshaji siku ya harusi yake, na mama mwenyewe, ambaye hana mwingine ampendaye zaidi, anainua bunduki na kumpiga mwanawe. Nilimchukia yule mama. Nilisema wazi kuwa picha ni mbaya, kwani mkopeshaji ndiye aliyestahili risasi. Mama alinijibu, "Yule binti naye ana mama."

Mwaka 1991 kaka yangu alikuja na redio kaseti usiku. Alisema ameazimwa na rafiki. Asubuhi tukasikia kwamba nyumba moja mtaa wa pili imevunjwa, na mwenye nyumba alikuwa mjane mwenye watoto. Mama hakupiga kelele. Alijifunga kanga, akaibeba redio kichwani, akamshika kaka mkono na kwenda naye kwa balozi wa nyumba kumi, na kutoka hapo polisi. Kaka alifungwa miezi sita. Watu walimsema mama, wakiwamo ndugu zake wa damu, kwamba mambo hayo yangeweza kumalizwa nyumbani kimyakimya. Mimi nilikaa wiki tatu bila kuzungumza naye zaidi ya kumwamkia.

Wapo wasemao kwamba sinema za kigeni zilituharibu. Sikatai kuwa kuna kijana aliyejifunza kuvunja mlango kutoka katika mkanda. Lakini katika nyumba yetu, mwizi hakuwa mpenzi wa sinema hata kidogo. Mpenzi wa sinema alikuwa mama. Sisemi kuwa picha ndiyo iliyomtuma kwa balozi. Angekwenda hata kama asingeiona, naamini hivyo. Ila picha ilimpa jina la jambo alilokuwa akilitenda, na usiku ule, nilipomsikia akilia peke yake uani, nilijua anafanana na nani.

Baadaye tulipata watafsiri, kama marehemu Lufufu, ambao waliingiza sauti zao katika mkanda na kuwafanya Wachina na Wamarekani wazungumze Kiswahili cha mtaani, kama wafanyavyo wenzetu wa Uganda kina VJ Jingo. Wasomi waliwaona waharibifu. Mimi naona walifanya hadharani kile alichokuwa akikifanya mama gizani. Kisha mwaka 2003 ikaja Girlfriend ya George Tyson, na wimbi la filamu za Bongo likafuata. Na Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, jiji zima likaona kwamba stelingi wetu naye hufa.

Kaka alirudi, akajifunza kushona, na ana cherehani zake tatu Mbagala. Mwaka aliofariki mama, tuliitazama Mother India pamoja kwa mara ya kwanza, sebuleni kwake. Bunduki ilipoinuliwa alisimama, nikadhani anatoka. Alikwenda kuongeza sauti, akarudi kukaa.