Kibodi au pedi? Inategemea unacheza gemu gani
Kabla hujatoa hela ya pedi ya kompyuta, angalia unacheza nini. Kwenye mpira, mfano EA FC, pedi iko mbele: kijiti chake kinampeleka mchezaji upande wowote, vitufe vya kibodi vinatoa pande 8 tu. Magari ndiyo usiseme. Kibodi ni mafuta yote au hakuna, pedi unaminya kidogokidogo.

Kwa gemu za risasi kama Counter-Strike 2, baki na kibodi na mausi. Kulenga ni haraka zaidi.

Mnaobanana wawili kwenye kibodi moja ya bei rahisi, vitufe vingi vikibonyezwa pamoja vingine havisomi. Hapo pedi moja tu inamaliza ugomvi. Hata ile ya PS4 inakubali kwenye kompyuta, kwa waya wa USB au Bluetooth.